Maswali ya Wasomaji: Orka, Ufukweni na Botini

Barua za safari hii zimetoka karibu zote kanda ya ziwa, na zote zinamuulizia mnyama mmoja: orka, yule nyangumi muuaji mweusi mwenye mabaka meupe, ambaye kwa ukoo ni pomboo mkubwa kuliko pomboo wote. Zilizofanana tumezijibu pamoja.

Habari za kazi, wataalamu. Mwezi wa tisa naenda kusoma Seattle, Marekani. Nasikia kule orka wanaonekana hata ukiwa umesimama ufukweni. Ni kweli, au nijipange kulipia boti? Naomba maelekezo ya kufuata. (Msomaji wa Nyegezi, Mwanza)

Ni kweli, na tunakushauri uanze na nchi kavu. Ukiwa ufukweni, orka mwenyewe ndiye anayeamua apite karibu au mbali. Humkatizi njia, humpigii kelele, na hulipi nauli ya boti kila unapotaka kujaribu bahati.

Sehemu ya kwanza ya kuijua ni Lime Kiln Point, hifadhi ndogo iliyoko upande wa magharibi wa kisiwa cha San Juan, katika jimbo la Washington, yenye mnara wa taa wa mwaka 1919. Mwamba wa pale unashuka ghafla, kina kinaanza karibu kabisa na ukingo, ndiyo maana siku nyingine orka hupita karibu kiasi cha kuwasikia wakipumua. Unapanda kivuko Anacortes hadi Friday Harbor, safari ya zaidi kidogo ya saa moja, kisha unamalizia na kama kilomita 15 za barabara. Ufukwe unatazama magharibi. Asubuhi jua linakuwa mgongoni mwako na mapezi yanaonekana vizuri, lakini alasiri mng'ao wa maji unakupiga usoni, kama anavyojua yeyote aliyewahi kutazama ziwa kutoka Capri Point jua likielekea kuzama. Nenda mapema, na uchukue miwani yenye lenzi za kupunguza mng'ao.

Ujue pia unamsubiri nani. Maji yale yana orka wa aina mbili wasiochanganyika. Kuna wakazi wa kusini, familia za J, K na L, ambao jumla yao haifiki 80. Hawa hula samaki, hasa salmoni wakubwa wa aina ya chinook, na kwa kuwa salmoni hao wamepungua, siku hizi wakati wa kiangazi hawaonekani mara kwa mara kama zamani. Wa pili ni orka wa Bigg, waliopewa jina la Michael Bigg, mtafiti wa Kanada ambaye miaka ya 1970 alionyesha kwamba kila orka anatambulika kwa picha ya pezi lake. Hao huwinda sili na simba-bahari, na sasa ndio wanaoonekana zaidi. Anayekuhakikishia kwamba utawaona siku fulani anakudanganya. Tenga siku mbili au tatu.

Kwa kuwa unafika Septemba, usihuzunike kwamba kiangazi kinakwisha. Kuanzia Oktoba wakazi wa kusini huingia Puget Sound, ghuba iliyo mbele ya Seattle, wakifuata salmoni wa aina ya chum, na hapo unaweza kuwaona ukiwa Alki, ndani ya jiji la Seattle lenyewe, au Point Robinson kwenye kisiwa cha Vashon na Maury. Huko ni mwendo wa basi na kivuko kifupi tu.

Ukifika ufukweni, panda juu kwanza. Kadiri jicho linavyokuwa juu ya maji ndivyo upeo unavyosogea mbali: jicho likiwa mita 1.6 juu ya maji, upeo uko kama kilomita 4.5, likiwa mita 10, unafika kilomita 11, mita 25, karibu kilomita 18. Kisha acha darubini ining'inie shingoni. Pitisha macho matupu polepole, kipande kwa kipande, kuanzia maji ya karibu kwenda ya mbali, ukitafuta mvuke wa pumzi, pezi jeusi, ndege waliokusanyika, au boti kadhaa zinazokwenda taratibu upande mmoja. Ukiona chochote ndipo unyanyue darubini. Wageni wengi hukosea hapo: hugandisha darubini machoni nusu saa nzima wakitazama kipande kimoja cha maji, huku orka wanapita pembeni.

Upepo ukishaanza kuvunja mawimbi kuwa povu jeupe, nafasi yako inashuka sana kwa sababu kila povu linafanana na pumzi. Jihadhari pia na mnyama mdogo wa jamii ya karibu na pomboo anayeitwa Dall. Naye ni mweusi kwa mweupe, na wageni humdhania ndama wa orka. Ana urefu wa kama mita 2 tu, pezi dogo la pembetatu, na akikimbia hurusha maji nyuma yake kama mkia wa jogoo.

Ukishampata orka, tazama saa. Kwa kawaida hupumua mara chache mfululizo, kisha huzama dakika 3 hadi 5, na wa Bigg wanaweza kukaa chini zaidi ya hapo. Wakisafiri kwa kilomita 6 kwa saa, dakika 5 ni mita 500. Basi usibaki ukikodolea mahali walipozamia. Hamishia macho mbele kwa umbali huo, upande waliokuwa wanaelekea, usubiri.

Kitu cha mwisho ni mavazi. Bahari ya pale ni baridi hata kiangazi. Koti la kuzuia upepo, kofia ya sufu na chai kwenye chupa ndivyo vitakavyokuwezesha kukaa saa nne badala ya dakika arobaini.

Shikamooni. Naendesha boti ya injini ya nje, nabeba wageni kuzunguka visiwa. Nataka kujua manahodha wa huko humsogelea vipi orka, na kama kuna la kuiga kwa viboko wetu. (Msomaji wa Nansio, Ukerewe)

Marahaba, nahodha. Tuanze na vipimo. Katika maji ya ndani ya Washington, kanuni ya serikali kuu ya Marekani tangu mwaka 2011 inakutaka ukae yadi 200, karibu mita 180, kutoka kwa orka yeyote, na usijiweke kwenye njia yake mbele ndani ya yadi 400, yaani kama mita 365. Kwa wale wakazi wa kusini ambao wako hatarini kutoweka, jimbo la Washington tangu Januari 2025 linadai yadi 1,000, zaidi ya mita 900, kwa boti zote, za watalii zikiwemo. Kanada ina masharti yake na huyatangaza upya kila msimu, kwa hiyo anayevuka mpaka ule husoma tangazo la mwaka husika kabla ya kung'oa nanga.

Kuhusu uendeshaji, nahodha mzuri hupunguza mwendo hadi noti 7, kama kilomita 13 kwa saa, akiwa bado karibu kilomita moja. Huja kwa ubavuni, sambamba na uelekeo wa kundi na nyuma kidogo. Haji kwa mbele, wala hawafuati mkiani. Kisha hushika mwendo mmoja na uelekeo mmoja. Kosa linalofanywa sana ni la kukimbia kwa kasi mbele ya kundi ili usimame uwasubiri wakufikie. Abiria hufurahi, lakini umewaziba njia, na mwendo wako wa kasi umepasua kelele pale pale wanapotaka kusikiliza. Wakikutokea karibu bila wewe kutarajia, weka gia nyutro uwaache wapite, na usiguse gia mpaka wawe mbali. Kama kina kinaruhusu na ni salama, zima kipimakina au kitafutasamaki: vingi hutumia kilohezi 50, na orka anausikia mlio huo vizuri.

Kwa nini masharti yote haya? Orka anayekula samaki huwinda kwa masikio. Hutoa milio mifupi mifupi na kusikiliza mwangwi, na mwangwi mkubwa hutoka kwenye kibofu cha hewa kilicho ndani ya salmoni. Kelele ya boti hufunika mwangwi huo. Kinachoongeza kelele zaidi ni kasi. Boti ndogo inayokimbia inaweza kumsumbua orka kuliko kubwa inayokwenda taratibu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 kuhusu wakazi wa kusini ulionyesha kwamba majike hupunguza kuwinda boti zinapokuwa ndani ya yadi 400. Jike asiyekula hana maziwa ya kumtosha ndama. Kwa kundi lisilofika wanyama 80, hilo ni jambo zito, na ndiyo maana tunasema boti si chaguo la kwanza.

Sasa viboko. Sababu ni tofauti, maana hapa kwanza unalinda maisha ya abiria wako, ila kanuni ya njia inafanana: usimkatize. Kiboko akishtuka hukimbilia maji ya kina, kwa hiyo usiingize boti kati yake na kina, na usipite juu ya mapovu. Anaweza kukaa chini dakika tano na kuibuka pasipotarajiwa. Sisi tungekaa mita 100, injini ikiunguruma taratibu bila gia, omo, yaani sehemu ya mbele ya boti, ikitazama nje tayari kuondoka, na abiria wote wamevaa jaketi okozi na wameketi. Jioni ongeza umbali, kwa sababu ndipo wanapotoka kwenda malishoni.

Namna ya kuzoeza jicho umbali: pima kwenye ramani ya simu toka gati lako hadi miamba miwili mitatu unayoiona kila siku, uandike. Nahodha asiyejua mita 180 zinaonekanaje juu ya maji husogea mno bila kukusudia, kwa kuwa juu ya maji matupu kila kitu huonekana karibu kuliko kilivyo.

Dukani nimeonyeshwa darubini ya 30×50 kwa bei ndogo kuliko ya 8×42. Si kubwa ndiyo bora? (Msomaji wa Musoma)

Hapana, ndugu yetu, iache. Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Darubini inapokuza mara 30, mtetemo wa mikono yako nao unakuzwa mara 30, na picha inacheza hadi huoni kitu. Tena gawanya 50 kwa 30: mwanga unaofika jichoni una upana wa milimita 1.7 tu, hivyo asubuhi na jioni utaona kiza.

Kwa botini chukua 7×50. Picha hutulia, mwanga ni mwingi, na eneo unaloliona ni pana, kama mita 120 kwa umbali wa kilomita moja, jambo la maana unapotafuta pezi linaloonekana kwa sekunde mbili. Kwa ufukweni 8×42 au 10×42 zinatosha. Darubini ndefu ya jicho moja, ya kukuza 20 hadi 60, ni nzuri ikiwa juu ya stendi ya miguu mitatu, tena asubuhi, kabla joto halijaanza kuitetemesha hewa juu ya maji.

Dukani itazame nguzo au antena iliyo mbali. Ukiona mbili, au macho yakianza kuuma baada ya dakika moja, lenzi zimepinda: irudishe. Kurekebisha, funika lenzi ya kulia, zungusha gurudumu la kati hadi jicho la kushoto lione wazi. Kisha funika ya kushoto na uzungushe pete ya jicho la kulia peke yake. Baada ya hapo unatumia gurudumu la kati tu. Watu wengi humlaumu fundi kumbe hawajawahi kuigusa pete ile. Zoezi zuri ni furukombe akiwa angani na mnandi anapoibuka kutoka kupiga mbizi: ukiweza kumpata mnandi ndani ya sekunde tatu, pezi la orka halitakushinda.

Kuna video inasambaa ya orka karibu na Ukerewe. Inawezekana? (Msomaji wa Kirumba)

Haiwezekani. Ziwa Victoria halina nyangumi wala pomboo wa aina yoyote. Ni maji baridi yaliyo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na Mto Nile unaotoka humo una maporomoko ambayo mnyama wa bahari hawezi kuyapanda. Video hiyo ni ya kwingine. Kama kuna mtu aliona kwa macho yake migongo myeusi ikiinuka na kuzama kwa mstari, inaelekea aliona fisi maji wakiogelea pamoja, na hao wanastahili kutazamwa: Rubondo ni mahali pazuri pa kuwatafuta asubuhi ziwa likiwa shwari.

Wanafunzi wangu wanauliza: dume na jike hutofautishwaje kwa mbali? Na je, orka huua watu? (Mwalimu, Sengerema)

Mwalimu, pezi la mgongoni ndilo la kutazama. La dume mzima husimama wima na laweza kufika mita 1.8, yaani kimo cha mtu mrefu. La jike kwa kawaida haliifikii hata mita moja, nalo limejipinda kwa nyuma. Simamisha mti wa mita 1.8 na mwingine wa sentimita 90 uwanjani, wanafunzi warudi nyuma hatua 200 wavitazame. Watakumbuka kuliko mchoro wa ubaoni. Tahadhari: dume kijana hufanana na jike mpaka anapobalehe ndipo pezi linaanza kurefuka. Kwa hiyo anayeandika kumbukumbu huandika "jike au kijana", haandiki "jike" kwa kukisia. Nyuma ya pezi kuna baka la kijivu. Umbo la baka hilo, pamoja na pengo au mkwaruzo wowote kwenye pezi, ndivyo humtambulisha kila mmoja. Kumbukumbu kamili ina saa, mahali, uelekeo, idadi, mapezi marefu mangapi, na walichokuwa wakifanya.

Kuhusu watu, hakuna tukio lililothibitishwa la orka wa porini kumuua mtu. Vifo vilivyotokea vilihusu orka waliofungiwa kwenye mabwawa ya maonyesho. Kwa boti, habari ni nyingine: tangu mwaka 2020 orka wachache wa eneo la Gibraltar na pwani za Hispania na Ureno, kundi dogo linalofuata jodari, wamekuwa wakivunja usukani wa mashua za matanga, na baadhi ya mashua zimezama. Ni tabia ya kundi lile. Haionekani kwa orka wote.

Afrika tunaweza kuwaona? Nina uwezo wa safari moja tu. (Msomaji wa Bukoba)

Pwani ya Tanzania na Kenya orka huonekana mara chache sana, kwa hiyo usifunge safari kwa ajili yao. Kati ya Julai na Oktoba watafute nyangumi wenye nundu wanaopanda kutoka bahari ya kusini kuja kuzaa, na pomboo wa Kizimkazi, Zanzibar. Pale Kizimkazi mwambie nahodha mapema kwamba hutaki boti kumi kuwazingira pomboo, na kwamba hulipi ziada ili awafukuze.

Afrika Kusini ina madume wawili maarufu, Port na Starboard, wanaotambulika kwa mapezi yao yaliyolala. Mwaka 2017 walihusishwa na papa weupe wakubwa waliokutwa ufukweni karibu na Gansbaai wakiwa wametolewa maini. Hata hivyo, wawili hao huzunguka pwani ndefu mno, na kuwaona ni bahati tu.

Kama una safari moja ya kwenda mbali na unapenda nchi kavu, fikiria Punta Norte, rasi ya Valdés, Argentina. Machi na mwanzoni mwa Aprili orka wa pale hujirusha hadi kwenye changarawe za ufukweni kunyakua watoto wa simba-bahari, nawe unatazama kutoka juu. Sisi wa ziwani hatuna maji kupwa na kujaa, ndiyo maana tunasisitiza: nunua jedwali la maji. Uwindaji ule hutegemea maji kujaa, kwa kuwa ndipo orka wanapoweza kuufikia ufukwe na kurudi. Fika saa mbili au tatu kabla ya kilele, ubaki muda kama huo baada yake. Wanaofika maji yamekupwa huona ufukwe mtupu na kuondoka wakilalamika. Norway, karibu na Skjervøy, ni shughuli ya boti: Novemba hadi Januari orka hufuata samaki aina ya heringi kwenye fyodi, yaani ghuba nyembamba zilizo kati ya milima, mchana ni wa saa chache za mwanga hafifu, na baridi ni kali. Heringi wamewahi kuhama fyodi ndani ya miaka michache, basi ulizia walipo kabla ya kulipa hoteli.

Hata kwenye meli ya Bukoba natapika. Nifanyeje botini? (Msomaji wa Igoma)

Meza dawa ya kichefuchefu cha safari saa moja kabla ya kuondoka, baada ya kumuuliza mfamasia ikufaayo. Ukishaanza kujisikia vibaya imechelewa. Kula kitu kikavu kidogo, mkate au muhogo wa kuchemsha, usiende na tumbo tupu. Keti katikati kuelekea nyuma, chini, mbali na moshi wa injini, macho kwenye upeo. Darubini huzidisha kichefuchefu, hivyo itumie sekunde 20 kwa mara moja kisha uishushe. Usitazame simu.

Sina nauli ya kwenda popote. Naweza walau kuwasikia? (Msomaji wa Buzuruga)

Ndiyo, tena bure. Mtandao wa Orcasound hurusha moja kwa moja sauti za maikrofoni zilizozamishwa majini katika maji ya Washington. Kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Novemba, saa 2 asubuhi ya kule ni saa 12 jioni Mwanza. Miezi mingine ni saa 1 usiku. Weka spika za masikioni. Mngurumo mzito usiokatika ni meli. Milio ya orka hupanda na kushuka, kama filimbi na bawaba kavu, na hurudiwa kwa umbo lile lile, kwa kuwa kila familia ya wakazi ina milio yake. Ukisikia mibofyo ya haraka inayoongezeka kasi, kuna anayefuata samaki. Orka wa Bigg hunyamaza wakiwinda, maana sili anawasikia, kwa hiyo wanaweza kupita mbele ya maikrofoni usisikie chochote. Septemba hadi Novemba ndiyo miezi ya kuanza nayo, usikilize dakika 20 kila jioni na uandike saa na aina ya sauti.